Dakika Sita za Ng'ombe

Karatasi niliyoibandika kwenye kioo cha saiba ya mama, duka lake la intaneti hapa Noonkopir, Kitengela, ilikuwa na filamu kumi. Juu yake niliandika: "Za mwaka jana zilizopita bila kutazamwa." Nilikuwa nimehitimu masomo ya filamu na kukaa nyumbani mwaka mmoja na nusu, na kazi yangu ilikuwa kuchapishia watu fomu na kuwasaidia waliosahau nywila zao. Mama nilimwambia karatasi ile ni ya kuvutia wateja. Ukweli ni kwamba nilitaka mtu mmoja tu asimame pale aniulize swali.

Walisimama wengi, na wote wakauliza swali lilelile: staring ni nani? Kwetu filamu ni staring. Staring ndiye anayepigwa mwanzoni na kulipiza mwishoni, na hafi. Akifa, watazamaji wanatoka wakinung'unika kama watu walioibiwa. Mimi nilikuwa nimeorodhesha filamu ambazo karibu zote hazikuwa na staring. Kulikuwa na ile ya mlinzi wa ghorofa ambalo mwenye jengo aliacha kulijenga. Mlinzi anachora vyumba sakafuni kwa chaki, hapa jikoni, hapa kwa mtoto, halafu anapita milangoni kwa adabu, asivuke ukuta ambao haupo. Kulikuwa na ya dada wawili wanaofua mashuka ya hoteli na hawajasemezana tangu wazike baba yao. Wanakunja shuka pamoja, kila mmoja na pembe zake mbili, wanakutana katikati, wanaachana. Hayo ndiyo mazungumzo yao yote. Kila filamu niliiandikia sentensi nne au tano, nikazifuta nikihofia nimesifu mno, nikaandika upya nikihofia nimesifu kidogo.

Ya kumi ndiyo iliyoniletea shida. Niliiandika hivi: "Imepigwa Kona Baridi. Mzee anapeleka ng'ombe wake kunywa maji. Kwa dakika sita kamera haikati, na hakuna linalotokea. Usiinuke. Kufika dakika ya nne utaanza kusikia kwato zikiongea." Kijana aliyeitengeneza tulisoma darasa moja. Alinipa nakala yake kabla hajaenda kusoma ng'ambo. Nijuavyo mimi, filamu hiyo ilionyeshwa mara moja tu, ukumbini chuoni, na nusu ya watu walitoka dakika hizo sita zikiendelea.

Alhamisi moja asubuhi aliingia mzee wa Kimaasai aliyevaa koti la suti juu ya shuka, simu mbili zikining'inia shingoni. Akanyoosha mkono kuelekea kichwani kwangu. Niliruka nyuma hadi nikagonga mashine ya kuchapisha. Nimezaliwa Kitengela, najua vizuri kwamba mzee wa Kimaasai humsalimu mtoto kwa kumgusa kichwa. Lakini nina miaka ishirini na tano, na sikutarajia kuhesabiwa miongoni mwa watoto. Alirudisha mkono polepole, akanisalimu kwa maneno.

"Supa."

"Ipa," nikajibu, nikiwa nimechelewa.

Alikuwa amesoma karatasi yote kutoka nje, kwa kidole. Akauliza kama hiyo ya ng'ombe niko nayo. Nikasema niko nayo.

"Hizo ng'ombe ni zangu," akasema.

Alikaa kwenye kiti cha wateja akanieleza bila haraka. Boma lake liko nyuma ya Kisaju. Birika la maji liko upande wa pili, na katikati kuna shamba ambalo jirani alilinunua miaka mitatu iliyopita. Ng'ombe wamepita hapo tangu enzi za baba yake. Mwaka huu jirani ameweka waya, na sasa ng'ombe wanazunguka hadi barabara ya malori, wanafika majini saa saba. Jirani ana cheti cha shamba, na ramani ya cheti haina njia. Anasema tangu anunue hajaona ng'ombe akipita pale. Chifu ameita kikao Jumanne. Mwaka juzi vijana wa kamera walikuja na pikapu wakafuata ng'ombe wake njia hiyo yote, kutoka mlango wa boma hadi birikani. Alikuwa akitafuta filamu hiyo bila kujua hata jina lake, mpaka mtu aliyekuja kuchapisha fomu kwetu akamwambia kuna karatasi inayotaja ng'ombe.

"Jumanne nikikosa njia, nitauza zote," akasema. "Ng'ombe hainywi cheti."

Akatoa flashi ndogo nyekundu mfukoni mwa koti.

Hapo ndipo akili yangu ilipoanza kazi yake. Filamu yenyewe ilisema Kona Baridi. Yalikuwa maandishi ya kwanza kwenye skrini, meupe juu ya weusi. Kona Baridi iko kule juu, barabara ya Magadi inapoanza kushuka bondeni, na Kisaju iko huku kwetu tambarare. Kwa hiyo mzee huyu amechanganyikiwa, au anadanganya. Kama anadanganya, kwa nini anataka nakala aende nayo peke yake? Vipi kama yeye ndiye aliyefunga njia ya mtu mwingine, na anataka kuona kwanza kamera ilimshika wapi? Vipi kama hata hao ng'ombe si wake? Mzee wa kwenye filamu anaonekana kwa mgongo tu, na kwangu ng'ombe wa filamu ni ng'ombe wa filamu. Ningejuaje?

Nikamwambia flashi yake ina virusi. Sikuwa hata nimeichomeka.

Aliitazama, akaigeuza. "Virusi ya ng'ombe ama ya watu?"

Nikasema nitaisafisha, arudi Jumatatu. Alipotoka nilimwandikia yule tuliyesoma naye, nikamuuliza alipiga wapi ile filamu ya ng'ombe. Alama mbili za samawati, za kuonyesha amesoma, zilionekana mara moja. Baada ya saa nzima akajibu: "Umeanza kunichunguza?" Kisha kimya. Nilimwandikia tena mara tatu, kila mara kwa upole zaidi, na upole ule nahisi ulimtisha kabisa. Sijui kama aliwahi kuwa na kibali cha kupiga picha popote.

Ijumaa mama aliniuliza diski yangu ya filamu ninaiweka wapi. Mama hajawahi kuuliza habari za diski hiyo. Kwa miaka minne aliita masomo yangu "mambo yako ya video." Nikajibu iko mahali pake, nikaitoa kwenye droo nikaihamishia ndani ya mfuko wa mchele. Usiku huo sikulala vizuri. Asubuhi niliitoa tena kwa kuogopa vumbi.

Jumapili baada ya ibada nilielewa. Nilikuta sebuleni kwetu mama mmoja wa kanisani, mwenzake mama katika ushirika wa akina mama, ambaye nimemwita anti tangu utotoni ingawa hatuna undugu. Ndiye aliyenishonea gauni nililovaa siku ya mahafali. Nilijua ana shamba la ng'ombe wa maziwa huko nje na huenda kila Jumamosi. Sikuwahi kuuliza ni nje wapi. Ilikuwa nyuma ya Kisaju. Jirani wa yule mzee alikuwa yeye.

Aliniuliza habari za kutafuta kazi, akanipa pole, akatoa simu. Ndani yake kulikuwa na picha ya karatasi yangu kiooni, imepigwa kwa karibu, sentensi ya kwanza ya filamu ya kumi ikisomeka wazi.

"Sikuambii udanganye," akasema. "Wewe ndiye msomi, na uliandika mwenyewe. Kona Baridi. Nakuambia tu usiongeze."

Mama alikuwa akikoroga chai ambayo ilikwisha kukorogwa. Nilimwangalia nikitaka ajue kwamba nimejua ni nani aliyepeleka habari. Hakuinua macho. Anti alipoondoka, mama alinifuata jikoni, akasema kwa sauti ya chini, "Hawa watu tunaishi nao." Sikujua hawa watu ni akina nani, wa kanisa au wa ng'ombe, na niliogopa kuuliza, maana jibu lingenilazimu kuchagua.

Alasiri ile nilifunga mlango wa chumba nikaitazama filamu upya. Nilikuwa nimeitazama mara sita, nikiipenda. Mara hii niliitazama kama askari anayepekua gari. Sikuangalia mzee wala kwato. Niliangalia nyuma yao, pembeni, pale ambapo aliyepiga hakukusudia niangalie.

Dakika ya tano, nyuma ya ng'ombe wa mwisho, kulikuwa na vilima vya Ngong, vidogo kwa umbali, vimepangana kama vifundo vya ngumi iliyofungwa. Nilisimamisha picha. Ukiwa Kona Baridi uko miguuni pa vilima hivyo. Huwezi kuviona vikiwa mbali namna hiyo, vyote kwa mstari. Ili uvione hivyo lazima uwe huku, tambarare. Mimi huviona kila nikianika nguo. Huenda aliandika Kona Baridi ili kuficha alikopiga bila kibali. Nilikuwa nimeisifu filamu kwa kuwaambia watu watazame kwa makini, na mimi mwenyewe niliamini maandishi meupe kwenye skrini nyeusi kwa sababu yaliandikwa vizuri.

Aibu hiyo haikunituliza. Nilianza kutafuta mkato. Nilifundishwa kwamba filamu hudanganya mahali inapokatwa: mtu anafungua mlango Thika anatokea chumbani Machakos, nawe unaamini. Basi nikazipitia dakika zile sita picha kwa picha, nikitafuta mahali ambapo ng'ombe wanaondoka shamba moja na kuibukia lingine. Nikaangalia vivuli, vumbi, mkia wa ng'ombe wa mbele. Sikupata. Kutoka mlango wa boma hadi midomo majini kamera haikupepesa jicho. Kile kilichowatoa watu ukumbini ndicho kilichoifanya filamu ile isiwe na mahali pa kuficha uongo. Ningependa kusema nilifurahi. Nilijiuliza kama nimechoka macho, nikaanza tena.

Jumatatu mzee alirudi. Nilimrudishia flashi ikiwa tupu, nikasema nitaileta filamu mwenyewe kikaoni, kwenye laptopu yangu, na haitatoka mkononi mwangu. Aliirudisha flashi mfukoni.

"Unaniogopa?"

"Naogopa kila mtu, mzee."

"Hiyo ni akili," akasema. "Lakini inachosha."

Kikao kilikuwa uwanjani mbele ya ofisi ya chifu, kwa sababu ofisi yenyewe ina nafasi ya meza na chifu basi. Viti vya plastiki vilipangwa upande huu na upande ule. Wazee wa kamati walikuwa watano. Anti alifika na gari lake, na aliyeshuka mlango wa pili alikuwa mama yangu. Walikaa pamoja. Mimi nilikuwa nimemwambia mama naenda kutafuta kazi Isinya, na yeye hakuwa ameniambia chochote, kwa hiyo tulitazamana kama wezi wawili waliokutana dirishani.

Laptopu ilikuwa na chaji asilimia thelathini na nane. Umeme ulikuwa umepotea tangu usiku.

Anti ndiye aliyeanza. Alieleza kwa utulivu kwamba alinunua shamba safi, lenye mipaka, na tangu alinunue hakuna njia. Kuhusu filamu, alisema haina haja ya kubishaniwa, akasoma sentensi yangu kwenye simu yake kwa sauti ya kusoma somo la kanisani. Chifu akanigeukia akauliza kama maneno yale ni yangu.

Nikasema ni yangu, na kwamba nilikosea. Niliamini kilichoandikwa, sikuangalia picha.

Mzee mmoja wa kamati akauliza, "Na hiyo ndiyo kazi ulisomea?"

"Ndiyo."

"Miaka mingapi?"

"Minne."

Walicheka, na chifu naye akacheka, na niliona hata mama akiinamisha kichwa.

Nilipofungua laptopu juu ya meza, jua lilikuwa kali kiasi kwamba skrini ilionyesha sura yangu tu. Niligeuza huku na huku, chaji ikishuka. Mzee akavua koti, akavua shuka yake akabaki na shati na kaptura, akaitandaza shuka juu ya migongo ya viti viwili ikawa kibanda. Laptopu ikaingia ndani. Wazee wa kamati wakapiga magoti kwa zamu, wawili na watatu, vichwa vyote chini ya shuka, na kwa nje nilibaki kuona makalio na nyayo. Nimekaa katika kumbi za sinema zenye viti vya velveti na sijawahi kusikia watazamaji kama wale. Hawakumwangalia mwenye ng'ombe hata kidogo. Waliwataja ng'ombe mmojammoja kwa rangi na kwa mama zao, kama watu wanaopitia picha za harusi: huyu alikufa, yule alitolewa mahari, huyu mkorofi bado yuko. Mmoja akaniita nirudishe pale kwenye vilima. Akatoka akajipangusa magoti, akawaonyesha wenzake kwa fimbo upande wa kaskazini-magharibi, ambako vilima vilevile vilikuwa vimekaa, kwa mpangilio uleule. Jambo la mahali likaisha hapo.

"Basi ni ya zamani," anti akasema. "Ni kabla sijanunua. Wakati huo wangepita popote."

Nikasema mwaka umeandikwa mwishoni mwa filamu, nikaanza kusogeza mbele ili niwaonyeshe. Yule mzee aliyeniuliza kuhusu masomo akanizuia kwa mkono. Mwaka huo, alisema, uliandikwa na mtu yuleyule aliyeandika Kona Baridi. Lilikuwa swali ambalo mimi, ninayeshuku hadi sukari, nilipaswa kulifikiria wiki nzima.

Sasa mwenye ng'ombe alimgeukia chifu. "Ambia mama aingie mwenyewe. Aangalie ng'ombe ya mwisho."

Anti alisita, kisha akakaza kitambaa chake cha kichwa, akapiga magoti, akaingia chini ya shuka. Nilisikia kwato zikianza upya, zile nilizoandika kwamba zinaongea. Kisha sauti yake ikatoka ndani ya kitambaa, ndogo kuliko nilivyoizoea.

"Rudisha nyuma kidogo."

Nikaingiza mkono nikarudisha. Akaomba tena. Ng'ombe wa mwisho hakufanana na wenzake. Wengine walikuwa wekundu na wa kijivu wenye nundu. Huyu alikuwa mweusi, hana nundu, mguu mmoja wa mbele mweupe hadi gotini kama aliyevaa soksi moja, na baka jeupe kwenye paji la uso. Nilikuwa nimemwona mara zote saba nikadhani ni uzuri wa picha tu.

Anti alitoka, akakaa kitini.

"Uliniuzia wewe," mzee akamwambia, bila kupandisha sauti. "Mwaka wa kwanza wa ujirani wetu. Ukasema ni mpole."

Wote walielewa kabla yangu. Ng'ombe yule alizaliwa zizini kwa anti, katika shamba lilelile, baada ya kulinunua. Hangeweza kupita kwenye njia iliyokufa kabla hajazaliwa.

"Ni mtamba wangu," anti akasema. "Ni yeye."

Nilimtazama usoni nikijaribu kujua kama alijua tangu mwanzo. Yeye hufika shambani Jumamosi tu, na ng'ombe hupita siku zote. Labda mfanyakazi wake alimficha. Labda hakuuliza kwa sababu hakutaka kujibiwa. Mpaka leo sijakata shauri, na gauni lake la mahafali bado liko kabatini mwangu.

Akasema, "Sawa. Nitaweka geti."

Uwanja ukapumua. Chifu alisema hiyo ndiyo njia ya majirani, akamwamuru karani aandike: geti litawekwa mahali pa njia, ng'ombe wapite. Watu walianza kuinuka, wakivuta viti, wakipeana mikono. Mzee alikuwa akijifunga shuka yake. Nami nilikuwa nimefunga laptopu, lakini nikajikuta nimebaki nimesimama nikilitazama lile neno, geti.

"Ufunguo utakaa na nani?" nikauliza.

Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Waliokuwa wameinuka wakakaa.

Anti akasema utakaa na mfanyakazi wake, bila shaka. Nikauliza akienda kwao likizo je. Akasema atamwachia mtu. Nikauliza mtu gani, na kama mtu huyo ataamka alfajiri ng'ombe wanapotoka. Nilijua nakuwa mkosefu wa adabu. Sikuthubutu kumwangalia mama.

"Entito," mzee akasema, yaani binti, "uliza yote."

Chifu alikuna kidevu akamwambia karani aongeze: geti bila kufuli. Karani akaongeza. Nikauliza kama waya unahesabiwa kufuli, maana geti linaweza kukosa kufuli likafungwa kwa waya. Safari hii walicheka kwa muda mrefu, mzee yule wa kamati akisema kumbe miaka minne haikupotea yote. Anti naye alicheka kidogo, bila furaha, akasema aandike. Karani akaandika: bila kufuli wala waya.

Karatasi ililetwa kwangu niisome kwa sauti. Niliisoma. Nikaisoma mara ya pili kimyakimya, kwa kidole, nikitafuta neno lenye mlango wa nyuma.

Mama akaita kutoka upande ule. "Mpe mzee karatasi yake sasa. Ng'ombe wana kiu."

Nilimpa. Niliipiga picha kwanza.